Mbio Ndefu na Moyo

Wako watu wazima, wenye heshima zao, wasemao kwamba mbio ndefu humpanua mtu moyo, na kwamba moyo uliopanuka haukawii kusimama. Kijana mvivu ayasikiapo maneno hayo hufurahi, kwa kuwa amepata udhuru wa kukaa kivulini wenziwe wafanyapo mazoezi. Nakusihi, msomaji, uyapime kabla ya kuyameza.

Ni kweli kwamba moyo wa mkimbiaji hukua. Lakini kukua si kuugua. Moyo ni musuli, na musuli utumikao hupata nguvu, kama mkono wa mhunzi. Moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga upesi wakati wa mapumziko. Moyo upigao mara 70 kwa dakika hupiga mara 33,600 kwa saa nane. Moyo wa mkimbiaji hodari, upigao mara 45, hupiga mara 21,600 tu. Je, ni upi kati ya hiyo miwili uchokao?

Mtazame Clarence DeMar wa Marekani. Mwaka 1911 daktari aliusikiliza moyo wake akamshauri aache mashindano. DeMar alishinda mbio za Boston mwaka ule ule, akazishinda mara saba kwa jumla, mara ya mwisho mwaka 1930. Alikufa mwaka 1958, mwenye umri wa miaka 70, kwa saratani wala si kwa moyo. Waganga walipoupasua moyo wake waliona kwamba mishipa iulishayo damu ilikuwa na upana mara mbili au tatu kuliko ya kawaida.

Wapinzani watatutajia mtu aliyeanguka njiani akafa. Sikatai, hutokea. Lakini katika wakimbiaji wapatao 10,900,000 walioshiriki marathoni na nusu marathoni huko Marekani toka mwaka 2000 hadi 2010, mioyo iliyosimama ilikuwa 59. Kati ya wale ambao chanzo cha msiba wao kilijulikana, wengi walikuwa na ugonjwa wa moyo. Mithali ya samaki mmoja aliyeoza yafaa kapuni kwa mvuvi, haifai katika hesabu hii.

Hata hivyo, ushujaa si upumbavu. Waliozidisha mbio kwa miaka mingi huonekana kupatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Usikimbie ukiwa na homa. Ukiumwa kifua au ukizimia mbioni, au kama ndugu yako alikufa ghafula angali kijana, mwone daktari kwanza. Kisha anza kidogo kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Basi asikutishe mtu kwa moyo uliokua. Uogope moyo uliodhoofika kwa kukaa bure, maana huo ndio uuao watu wengi, nao huwaua kimya kimya, pasipo watazamaji wa kupiga kelele.