Mali ya Wakfu Hairithiwi

Aprili 2009 Oracle ilitangaza kwamba itainunua Sun Microsystems kwa dola za Marekani bilioni 7.4, na Januari 2010 ununuzi ukakamilika. Katika muongo uliotangulia, kampuni chache kubwa za programu zilikuwa zimejitolea kwa programu huria na viwango huria kama Sun. Ilifungua msimbo wa OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, mwaka 2000, ikafuatia kuufungua wa mfumo endeshi wa Solaris mwaka 2005, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuufungua wa lugha ya programu ya Java. Mwaka 2008 ilitoa dola bilioni 1 kuinunua MySQL, hifadhidata huria iliyokuwa nyuma ya tovuti nyingi mno duniani. Miaka miwili baadaye vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa mwenye mali mpya, ambaye hakuwahi kutoa hata moja ya ahadi zile.

Tunalifungua toleo hili kwa kisa hicho kwa sababu kinajibu swali ambalo wizara, hospitali, vyuo na benki zetu hukutana nalo kila zinaponunua programu: kampuni ikituambia kwamba inaamini katika uwazi, tuipime kwa nini? Jibu letu ni hili. Msiipime kwa hotuba za viongozi wake, wala kwa idadi ya mikutano inayoifadhili. Ipimeni kwa kile ilichojinyima uwezo wa kukitwaa tena.

Watu wa pwani yetu wanalifahamu jambo hili kupitia wakfu. Mtu akiitoa nyumba yake kuwa wakfu, nyumba ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Yeye mwenyewe akibadili nia kesho hana la kufanya, na warithi wake wanaikuta imekwisha kutoka katika mali ya marehemu. Leseni nzuri ya programu huria inaufanyia msimbo jambo hilo hilo: kilichokwisha kutolewa kimetoka. Sun ilipoondoka, kila ilichokitoa kwa namna hiyo kilibaki kwa watu, na kila ilichokizuia, hata kwa nia njema, kilikwenda kwa mnunuzi.

Tuanze na OpenOffice. Asili yake ni StarOffice, programu ya kampuni ya Kijerumani StarDivision ambayo Sun iliinunua mwaka 1999. Msimbo ulitolewa kwa leseni iliyomruhusu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Lakini aliyetaka mchango wake uingizwe katika mradi alipaswa kwanza kutia saini hati ya kuipa Sun haki juu ya mchango huo, na jina la OpenOffice lilibaki alama ya biashara ya kampuni. Septemba 2010 wachangiaji wengi, waliochoka kusubiri kujua Oracle ina mpango gani nao, waliuchukua msimbo wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao, The Document Foundation, ambayo baadaye iliandikishwa Berlin. Msimbo waliondoka nao wote. Jina hawakuweza kuondoka nalo. Mwaka 2011 Oracle ilijitoa katika biashara hiyo na kuukabidhi mradi kwa taasisi ya programu huria ya Apache Software Foundation, lakini wakati huo wajenzi walikuwa wamekwisha kuhama. Leseni iliiokoa kazi. Jina, ambalo halikuwa limetolewa, liliwapotosha watumiaji kwa miaka mingi, wakiendelea kupakua programu iliyopungukiwa na wajenzi.

MySQL ilipita njia hiyo hiyo: mmoja wa waasisi wake, Michael Widenius, aliutumia uhuru wa leseni kuanzisha MariaDB mwaka 2009, kabla hata ununuzi haujakamilika. Kwa Solaris, Oracle iliacha kutoa msimbo mpya hadharani Agosti 2010. Waliotaka kuendelea walikuwa na haki juu ya ule uliokwisha kutolewa, wakaujengea mradi wa illumos, lakini zile sehemu ambazo Sun haikuwahi kuzifungua walilazimika kuziandika upya. Java nayo ilikuwa na kufuli lililoachwa mlangoni. Msimbo ulikuwa huria, ila majaribio rasmi ya kuthibitisha kwamba programu ya mtu mwingine ni Java halali yalibaki chini ya masharti ya Sun, na Apache, iliyokuwa ikijenga Java yake, haikupewa bila vizuizi. Oracle ilipokataa kulegeza, Apache ilijiuzulu kutoka kamati kuu ya Java Desemba 2010. Miezi michache kabla, Oracle ilikuwa imeishtaki Google kwa kutumia takriban mistari 11,500 ya matamko ya Java katika Android. Kesi hiyo haikuisha hadi Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba matumizi yale yalikuwa halali.

Historia hii inatugusa sisi moja kwa moja. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa. Hawakulazimika kumthibitishia mkurugenzi wa mauzo wa ng'ambo kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Leseni iliwapa haki ya kuibadili programu, nao wakaibadili. Na Sun ilipotoweka, hakuna aliyeirithi ambaye alipata uwezo wa kisheria wa kuwaambia waiondoe kazi yao. Kwa lugha ambayo kampuni nyingi huitazama kwa kuchelewa, haki ya namna hii ina thamani kuliko msaada wowote wa hisani.

Hayo ni ya msimbo. Viwango vina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu nyaraka huishi kuliko programu iliyoziandika. Hati ya kiwanja, hukumu ya mahakama, matokeo ya mtihani wa taifa: hivi vinapaswa kufunguka baada ya miaka 50, wakati kampuni iliyouza programu huenda imesahaulika. Muundo wa mafaili ya OpenOffice, ODF, ulipelekwa mapema nje ya himaya ya Sun. Mei 2005 ulipitishwa na shirika la viwango la OASIS, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Sun pia iliahidi kwa maandishi mwaka 2005 kutotumia hataza zake dhidi ya yeyote anayeutekeleza muundo huo. Kwa hiyo Oracle ilipoingia, ODF haikuwamo ndani ya mizigo. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliuchagua kuwa muundo wa nyaraka zinazohaririwa kwa pamoja serikalini, na uamuzi huo haukutegemea afya ya kampuni yoyote.

Hata hivyo muhuri wa ISO peke yake hautoshi. Microsoft ilipeleka muundo wake, OOXML, katika maelezo ya zaidi ya kurasa 6,000. Kura ya Septemba 2007 iliukataa, nyingine ikaupitisha Aprili 2008, baada ya mabishano makali katika mashirika ya viwango ya nchi nyingi. Kilichopitishwa kina sura mbili: moja kali na safi, nyingine ya mpito inayobeba tabia za matoleo ya zamani ya Office. Ile safi ndiyo ingefaa kuwa msingi wa kumbukumbu za umma, lakini ile ya mpito ndiyo ambayo Office huiandika mtumiaji anapobonyeza kuhifadhi bila kuchagua chochote. Basi mnunuzi asiridhike kuuliza kama programu inakitambua kiwango. Aulize programu huandika nini yenyewe, na kama faili hilo hufunguka bila hasara katika programu iliyojengwa na watu wengine.

Haki itendeke pia kwa Microsoft. Mwaka 2001 mkuu wake wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ilianza kuufungua msingi wa .NET, jukwaa lake la kujengea programu, kwa leseni huria ya MIT, na mwaka 2018 ikainunua GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, kwa dola bilioni 7.5. Wapo wanaobishana kama moyo wake umebadilika kweli. Sisi tunaona mjadala huo hauna tija. Msimbo uliotolewa kwa leseni ya MIT umetoka, aliyeutoa awe ametubu au hakutubu. Huo ndio uzuri wa ahadi zilizoandikwa vizuri: zinatuepusha na kazi ya kusoma mioyo.

Miaka ya karibuni imetuonyesha upande wa pili. Kampuni za programu Elastic mwaka 2021, HashiCorp Agosti 2023 na Redis Machi 2024, zote ziliacha leseni huria kwa matoleo yao mapya. Hoja yao si ya kudharauliwa. Kampuni kubwa za wingu, walisema, huchukua msimbo wetu, huuza huduma juu yake, na sisi tunaolipa mishahara ya waandishi hatupati kitu. Ni kweli kwamba mzigo hauko sawa. Lakini waliochangia bure, na waliojenga taasisi zao juu ya programu hizo, waliingia kwa masharti fulani, kisha masharti yakabadilishwa na upande mmoja. Pengine iliwezekana kwa sababu wachangiaji walikwisha kuikabidhi kampuni haki za kazi yao kwa mkataba. Pengine kwa sababu leseni ya awali ilikuwa legevu kiasi cha kumruhusu yeyote kulifunga toleo lijalo. Lililokwisha kutolewa halikuweza kurudishwa, na ndiyo maana wengine waliliendeleza kwa majina mapya: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Mwaka 2024 Elastic ilirudisha leseni huria kama mojawapo ya chaguo, na Redis ikafanya hivyo Mei 2025. Linganisheni na kiini cha Linux. Haki zake zimetawanyika kwa maelfu ya waandishi na kampuni zao, na hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya zote ili kubadili leseni. Mtawanyiko huo ni ulinzi.

Atasema mtu kwamba kampuni ikijifunga hivyo itakufa njaa. Tumjibu kwa mfano: mwaka 2019 IBM ilitoa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, kampuni iliyokuzwa kwa kuuza utunzaji, uhakika na utaalamu juu ya msimbo huria. Lakini Red Hat pia inatufundisha tahadhari. Watumiaji wa CentOS 8, mfumo endeshi wa bure uliojengwa kwa msimbo wa Red Hat, walikuwa wameambiwa utahudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 walitangaziwa kwamba mwisho ni Desemba 2021. Muda ule ulikuwa tangazo tu, haukuwa haki, ukafutwa kwa tangazo jingine. Msimbo ulikuwa haki, na juu yake wengine wakajenga Rocky Linux na AlmaLinux.

Kwetu maswali haya yamo ndani ya huduma tunazozitegemea kila siku. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, inabeba takwimu za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 na kukomazwa katika kliniki za Eldoret, inatunza kumbukumbu za wagonjwa. Makala za toleo hili zinazungumza na wanaoziendesha, wanaozifadhili na wanaozinunua. Tunawaomba wote wabebe maswali manne hadi kwenye meza ya zabuni. Leseni ni ipi, na inalinda matoleo yajayo au yaliyopita tu? Haki za msimbo zimeshikwa na nani, kampuni moja au wengi? Jina ni la nani? Data zetu zitatoka katika muundo gani siku tukitaka kuhama, na nani mwingine ameutekeleza muundo huo? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.

Upande wetu nao una wajibu. Desemba 2021 kasoro ya kiusalama katika Log4j, chombo cha programu huria, ilitikisa mifumo ya dunia nzima, na ikabainika kwamba chombo kile kilichotumiwa na kampuni tajiri kilitunzwa na watu wachache wa kujitolea. Serikali inayoendesha hospitali zake kwa programu huria na haimlipi hata mhandisi mmoja kuitunza haijafanya jambo tofauti na kampuni za wingu tunazozilaumu. Sehemu ya fedha inayookolewa kwenye leseni irudi katika kuitunza kazi: kurekebisha kasoro, kuandika miongozo, kutafsiri, na kukaa katika kamati za viwango ambako maamuzi hufanywa bila sisi.

Neno la mwisho ni kwa vijana wanaoanzisha kampuni za programu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali. Wengi wenu mnaamini katika uwazi kwa dhati, na tunaamini kwamba mnaamini. Lakini siku itakuja ambapo mwekezaji atataka faida yake au mnunuzi ataleta bei isiyokataliwa, na siku hiyo imani yenu haitakuwa na kura mezani. Ifungeni ahadi sasa, kampuni ingali ndogo na uamuzi ungali wenu: leseni inayolinda matoleo yajayo, haki zinazobaki kwa wachangiaji, jina chini ya taasisi isiyouzwa, data katika viwango ambavyo mshindani wenu anaweza kuvitekeleza. Mtakuwa mmepoteza kitu, na bila kupoteza kitu hamtakuwa mmeahidi chochote.