Ubashiri Bila Kinyama

Mhunze kuna namna tatu za kubashiri. Vijana wanabashiri mechi. Jumamosi mkeka unajazwa, Jumapili umechanika. Wazee wanakwenda kwa mfumu, awaambie mgonjwa atainuka au hatainuka. Namna ya tatu tumeileta sisi tuliosoma, kupitia simu zetu: makala za kisayansi zinazodai kwamba jeni kadhaa zinazosimamia asidi amino mwilini zinaweza kutabiri mtu mwenye uvimbe wa ubongo ataishi muda gani.

Nasema hii ya tatu, jinsi inavyofanywa siku hizi, iko karibu na mkeka kuliko tunavyotaka kukubali. Sisemi hivyo kwa kuidharau sayansi yenyewe. Nasema kwa sababu naithamini, na kwa sababu watu wa kwetu wanauhitaji ubashiri wa kweli kuliko wanaouandika.

Tuanze na kilicho cha kweli. Asidi amino ni matofali ya protini, na katika ubongo baadhi yake zinafanya kazi nyingine pia. Glutamati ndiyo ujumbe ambao seli za neva hurushiana. Uvimbe uitwao glioma humwaga glutamati nje ya seli zake huku ukivuta sistini ndani kwa ajili ya kujilinda. Ile glutamati iliyozidi huua seli za neva za jirani na kuchochea degedege. Kwa hiyo mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake, akianza kuanguka shambani, huenda tatizo lake ni asidi amino moja iliyomwagwa pasipo mahali pake. Hajarogwa.

Kuna tryptofani pia, ambayo uvimbe huigeuza kuwa kinurenini na kuzilegeza askari za mwili. Kuna jeni ya BCAT1, inayovunja lusini na ndugu zake wawili. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba inawaka kwa nguvu katika glioma zisizo na badiliko la jeni ya IDH. Na hiyo IDH ndiyo mama wa habari yote. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walisoma jeni zaidi ya 20,000 katika vipande 22 vya uvimbe wa glioblastoma, wakakuta jeni ya IDH1 imebadilika kwa baadhi ya wagonjwa, hasa vijana, na kwamba wenye badiliko hilo huishi muda mrefu zaidi. Tangu hapo namna ya kuziita na kuzipanga glioma imebadilika dunia nzima. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenibu, kidonge kinacholenga badiliko hilohilo. Katika jaribio lake, uvimbe wa waliokunywa dawa ulikaa kwa wastani miezi 27.7 kabla ya kuendelea kukua, dhidi ya miezi 11.1 kwa wasiokunywa.

Zingatia ile namba: vipande 22. Mlango ulifunguliwa na vinyama 22, vilivyokatwa vizuri, vikahifadhiwa vizuri, na kila kimoja kikiwa na mtu anayejulikana alikoishia.

Sasa tazama kiwanda kilichofuata. Marekani wana hazina ya data ya saratani iliyoanza kukusanywa mwaka 2006, na glioblastoma ilikuwa miongoni mwa za kwanza. China wana yao ya glioma. Zote mtu anaweza kuzipakua bure. Basi mtafiti anakaa na kompyuta yake, anachagua orodha ya jeni. Leo za asidi amino, kesho za mafuta, keshokutwa za madini ya shaba. Anaipitisha orodha kwenye programu, anabaki na jeni saba au kumi, anawagawa wagonjwa katikati, hatari kubwa huku na hatari ndogo kule. Mistari miwili inaachana kwenye mchoro. Makala imekamilika. Anahitimisha kwamba jeni hizo ni "alama mpya ya ubashiri".

Mwaka 2011 watafiti wa Brussels waliujaribu mchezo huu kwenye saratani ya matiti. Walichukua orodha za jeni zisizohusiana kabisa na saratani, mojawapo ikiwa ya jeni zinazobadilika kwenye damu ya watu waliocheka baada ya kula. Nayo ikabashiri vifo! Wakaokota orodha za jeni ovyo ovyo, kama mtu anayechota mtama kwa kiganja; nyingi nazo zikabashiri. Sababu ni kwamba katika uvimbe jeni nyingi hupanda na kushuka pamoja na kasi ya seli kugawanyika. Shika uzi wowote wa nguo hiyo, nguo nzima itakufuata.

Kwenye glioma hali ni mbaya zaidi. Ukichanganya uvimbe wa daraja la pili na wa daraja la nne, wenye badiliko la IDH na wasio nalo, karibu orodha yoyote itawatenganisha, kwa sababu wametengana tayari. Hapo umebashiri mechi ambayo matokeo yake yalishatangazwa redioni. Na hata pale jeni inapohusika kweli, uhusiano peke yake si dawa. Njia ile ya tryptofani ilipigiwa debe sana, kisha mwaka 2018 jaribio kubwa la dawa ya kuiziba, kwa wagonjwa wa melanoma, likashindwa kuonyesha faida.

Kwa nini haya yanihusu mimi wa Kishapu?

Baba yangu mdogo alianza kuanguka akiwa na miaka 41. Kwanza alipelekwa kwa mfumu, halafu zahanati, halafu hospitali ya wilaya, halafu Shinyanga, na mwisho akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Ng'ombe watano walikuwa wameshauzwa. Karatasi ya kumruhusu kurudi nyumbani iliandikwa maneno matatu: uvimbe wa ubongo. Tuliuliza kinyama kilichokatwa kilipelekwa wapi. Mmoja akasema maabara. Maabara wakasema hawajakipokea. Muuguzi mwema alituvuta pembeni akatuambia, "Ndugu zangu, msisumbuke. Hicho hakipo."

Bibi, mama yake, alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kila aliponiona: "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Tuuze na wale maksai, au tuwaache walime?"

Hilo ndilo swali la ubashiri. Halina anasa ndani yake. Kama uvimbe ni glioblastoma, dawa na mionzi kwa pamoja katika jaribio maarufu la mwaka 2005 zilifikisha nusu ya wagonjwa miezi 14.6, badala ya 12.1 kwa mionzi peke yake. Kama ni ule wenye badiliko la IDH, mtu anaweza kuhesabu miaka, wala si miezi. Katika kesi ya kwanza familia inaweza kuamua kukaa na mgonjwa wao na kuwabakiza maksai kwa ajili ya watoto. Katika kesi ya pili kuuza maksai ni akili. Bila kinyama, bibi aliwauza kwa kubahatisha. Baba mdogo aliishi miezi tisa, na msimu uliofuata pamba ya nyumba ile ililimwa kwa jembe la mkono.

Nisikilize vizuri. Kilichokosekana pale hakikuwa alama mpya ya jeni kumi. Kilikosekana kichupa cha fomalini chenye jina la mtu juu yake, kipande cha nta, na mtaalamu wa patholojia wa kukitazama. Kipimo cha rangi kinachotambua badiliko kuu la IDH1, lile linalobeba takriban asilimia 90 ya mabadiliko yote ya IDH katika glioma, hakihitaji mashine ya kusoma jeni. Kinahitaji kinyama kilichohifadhiwa, kemikali yake, na darubini.

Wapo watakaosema: watoto wanakufa kwa malaria na wewe unalilia uvimbe adimu? Najibu kwamba kichupa cha fomalini hakimpunguzii mtoto yeyote chandarua. Patholojia inayosoma uvimbe wa ubongo ndiyo hiyohiyo inayosoma titi na mlango wa kizazi, na hizo si adimu hata kidogo. Baada ya mkopo wa Uviko wa mwaka 2021 mashine za CT zilianza kusambazwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Vizuri sana. Lakini CT inaonyesha kivuli. Haiwezi kukuambia kivuli hicho kinaitwa nani. Tumenunua jicho, tukasahau ulimi.

Wapo wengine, na hawa ni wenzangu wa vyuoni, watakaosema: data ni ya bure, sayansi haina mipaka, acha tuandike tupate shahada. Andikeni. Ila msituambie kwamba hiyo ni sayansi ya wagonjwa wetu. Hazina ile ya Marekani ina Waafrika wa kuhesabika, na wa China ni Wachina. Watu wa Geita wanaoshika zebaki kila siku kukamatia dhahabu wana haki ya kuuliza kama kazi yao ina uhusiano na uvimbe wanaouona kwa ndugu zao. Swali hilo halijibiwi kwa kupakua wagonjwa wa Houston.

Wilaya hii ya Kishapu inajua kutunza kumbukumbu inapotaka. Mwadui iko hapahapa. Oktoba 1947 mgodi ule ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikachongwa ikabaki karati 23.6. Tunajua mwezi, uzito, rangi, na kifua ilichokwenda kupambwa. Jiwe lina historia ya miaka zaidi ya 70, na kila punje iliyopungua imeandikwa. Kinyama kilichotoka kwenye kichwa cha mtu aliyezaliwa kilomita chache kutoka shimo hilo hakikupewa hata namba.

Basi nadai vitu vitatu, na nawaomba ninyi mnaosoma mvidai pamoja nami. Kwanza, iwe kosa la kitaaluma, lenye adhabu, kukata uvimbe na kutoupeleka maabara. Pili, gharama ya kipimo cha patholojia iingie ndani ya gharama ya upasuaji, ili sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 isije ikamlipia mtu kisu na kumnyima jibu. Tatu, kila chuo kinachomruhusu mwanafunzi kuandika tasnifu kwa jeni za watu wa mbali kimtake kwanza aende hospitali ya kanda, ahesabu ni vipande vingapi vya uvimbe wa ubongo vimehifadhiwa kabatini, na aandike namba hiyo ukurasa wa kwanza, hata kama ni sifuri.

Wenzetu walihitaji vinyama 22 kuugeuza ubashiri wa dunia. Kanda ya Ziwa haishindwi kupata 22. Kila mwaka tunavikata, halafu tunavitupa, halafu tunarudi kwenye kompyuta kubashiri.