Bisibisi Haipimi Hewa

Katika gereji yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam ambako Peugeot 504 au Land Rover ya miaka ya 1970 imefunuliwa boneti, hukosi mzee wa kutoa hukumu: gari la kabureta halikuachi njiani. Likigoma porini, unashika bisibisi, unapuliza jeti, safari inaendelea. La injeksheni likigoma, tafuta kamba ya kulivutia. Vijana wanaitikia kwa kichwa, na mwenye gari aliyekuwa anawaza kung'oa kabureta na kufunga injeksheni ya umeme anarudi nyumbani na wazo lake mfukoni.

Hukumu hiyo ilikuwa na ukweli wake zamani. Leo imebaki mazoea, na mazoea hayo yanawagharimu watu mafuta, plagi na injini nzima.

Wanaoitetea hupenda kuitolea mfano Peugeot, gari lililojijengea jina katika barabara za Afrika Mashariki. Basi twende na Peugeot hiyohiyo. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404. Mwaka uliofuata 404 ikashinda tena, safari hii mikononi mwa Nick Nowicki wa Kenya, katika matope yaliyomeza karibu kila kitu: magari zaidi ya 90 yaliondoka, 7 tu yakafika mwisho. Zote hizo zilikuwa 404 za injeksheni. Kabureta, chombo kinachosifiwa kuwa ndicho cha porini, haikuwemo.

Hapo mzee atadakia kwamba ile ilikuwa injeksheni ya mitambo mitupu, pampu ya Kugelfischer inayozungushwa na injini, bila kompyuta yoyote. Ni kweli. Lakini kuingia kwa umeme kulikuja kuondoa ugumu: pampu ile ilikuwa na vyuma vilivyosagwa kwa vipimo vya hali ya juu, na ikiharibika, fundi wa kuigusa alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mwaka 1967 Bosch ilitoa mfumo wa D-Jetronic, uliofungwa kwanza kwenye Volkswagen 1600, ambao nozeli zake hufunguka kwa umeme na kiasi cha mafuta hukadiriwa kutokana na shinikizo la hewa ndani ya manifoldi. Kwa hiyo injeksheni ya umeme ni ya rika moja na magari mengi tunayoyaita ya zamani. Hata Volkswagen kobe, gari ambalo kila mtu hulitaja akitaka mfano wa injini nyepesi ya kutengeneza, lilifungwa injeksheni ya umeme kiwandani Mexico kuanzia 1993, likatoka hivyo hadi la mwisho kabisa mwezi Julai 2003.

Tatizo kubwa la kabureta katika nchi zetu, hata hivyo, halisemwi gereji kwa sababu halionekani. Ni hewa.

Hewa ya Mombasa na ya Nairobi si moja. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 16 hivi. Kabureta haina habari. Yenyewe hutoa mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita kwenye koo lake, na tabia ya koo hilo ni kwamba hewa ikiwa nyepesi, mafuta nayo hupungua, ila kwa takriban nusu tu ya kiwango kinachotakiwa. Gari lililosawazishwa vizuri Mombasa linafika Nairobi likimiminiwa mafuta ya ziada ya karibu asilimia 9. Likipanda hadi Timboroa, kwenye mita 2,700 na ushei, ziada inapita asilimia 13. Plagi zinatoka nyeusi tii kama kitako cha sufuria ya kuni. Mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye gari analaumu mlima.

Kwenye injeksheni ya umeme, sensa ya shinikizo, kadude kanakoenea kiganjani, hupima tofauti hiyo mara nyingi kwa kila sekunde na kuipelekea kontroli boksi, yaani kompyuta yake, nayo inafupisha muda wa nozeli kubaki wazi. Bisibisi haipimi hewa. Dereva anayetoka Dar kwenda Mbeya hawezi kusimama kila baada ya mita 300 za mwinuko abadilishe jeti, ingawa kabureta, kwa haki kabisa, inamdai afanye hivyo.

Na hizo jeti zenyewe! Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu, kimechorwa namba. Nyingi zikiandikwa 120, maana yake tundu ni milimita 1.20. Sasa mtazame fundi wa kando ya barabara akiifungua. Anaipuliza, anaielekeza juani, anafumba jicho moja. Haoni mwanga. Anachomoa unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, anausokota ndani, anauvuta, anausokota tena mpaka uchafu utoke. Gari linawaka na watu wanapiga makofi. Lakini ule waya ni wa chuma, na jeti ni ya shaba laini. Tundu likikwanguliwa kutoka 120 hadi 130, tofauti ya unene wa unywele, njia ya mafuta imepanuka kwa asilimia 17, na hairudi. Hilo ndilo tengenezo la porini linaloimbiwa nyimbo: gari limefika, na tangu siku hiyo linakunywa kama ngamia.

Kuna pia kile kituko cha kitambaa kibichi. Mchana wa Januari, Mtito Andei, gari la kabureta limezima kwa sababu petroli imechemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye boya. Dereva anamwagia pampu maji, anaifunga kitambaa, anakaa chini ya mti kusubiri. Kwenye injeksheni, petroli husukumwa kwa shinikizo la kama bari 3, mara kumi au zaidi ya lile la pampu ya kabureta, na kwa shinikizo hilo haichemki kirahisi.

Lakini imani hii ya kabureta ilitoka wapi? Haikutoka kwenye ujinga. Kwa miaka mingi petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huua sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Gari la injeksheni lililoletwa hapa wakati huo lilikuwa kama mtu anayelishwa sumu kidogo kidogo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye pampu zetu. Mzee wa gereji alijifunza kazi kabla ya hapo. Alichokiona alikiona kweli, ila kilichomsababishia hasara hakipo tena.

Zaidi ya hapo, fundi wa kabureta ndiye anayeadimika sasa. Kijana wa miaka 25 aliyekulia kwenye Corolla na Vitz anaweza kusoma kosa la sensa kwa kifaa cha kuchomeka, lakini ukimwonyesha kabureta mbili za Datsun 240Z na kumwomba azisawazishe kwa kusikiliza mvumo wa hewa, atakutazama kama umemwomba akutambikie. Nozeli, pampu na sensa za Toyota zimejaa Shaurimoyo na Kirinyaga Road. Kompyuta za kujifungia na kujipangia mwenyewe, kama MegaSquirt iliyoanza 2001, zinaruhusu injini ya 1972 ipangiwe mafuta kwa laptopu. Hata mbio kuu za NASCAR za Marekani, ngome ya kabureta kuliko zote, ziliisalimisha mwaka 2012.

Kuna gari moja la kuachwa lilivyo: lile ambalo thamani yake ni kutoguswa, linalopelekwa kwenye mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse likiwa na kila boliti ya kiwandani. Mwenye nalo abaki na kabureta kwa mapenzi, wala asitafute sababu nyingine. Anayebadilisha naye asitupe kitu: kabureta na manifoldi yake vipakwe oili, vifungwe kitambaa, vikae kwenye sanduku.

Injeksheni nyingi zilizofungwa kwenye magari ya zamani zimefeli, hilo halina ubishi, na kila moja imeongeza kuni kwenye moto wa wazee. Zikichunguzwa, mara nyingi kosa haliko kwenye kompyuta. Bomba za mpira za kabureta zimeachwa zibebe bari 3, zikapasuka juu ya injini ya moto. Waya wa ethi umefungwa juu ya rangi na kutu. Dainamo ya 1965 imetwishwa pampu ya umeme isiyoiweza. Juu ya yote ni tangi. Kabureta huvumilia uchafu kidogo kwa sababu bakuli la boya huutuliza chini. Tundu la nozeli ni jembamba na halina pa kuutuliza. Fundi anayejua kazi yake haanzi na laptopu. Anaingia chini ya gari na karai jeupe, anafungua boliti ya chini ya tangi, anayaacha mafuta yatiririke mpaka mwisho, kisha anakaa kuangalia rangi ya kilichobaki chini ya karai.