Binti akitaka kupiga ngumi



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likirimba, mama mmoja wa kikundi chetu aliomba neno. Tulidhani ni deni, ama matanga. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa kirefu kilichokunjwa kama bandeji ya hospitali, akakiweka juu ya meza. Alikikuta ndani ya mfuko wa masomo wa binti yake wa miaka 15. Si kitambaa cha kidonda. Ni kile wapiganaji wanachojifunga mikononi kabla ya kuvaa glavu. Kumbe miezi mitatu yote, mtoto akitoka masomo hapiti kwa shangazi yake kama anavyosema. Anakwenda kujifunza ngumi.

"Nimemkemea, nimemchapa, na bado anaenda," mama akasema. "Basi niambieni: nikichome hiki kitambaa, ama nimrudishie?"

Mnatujua. Kila mmoja alisema na hakuna aliyesikiliza. Huyu anasema ngumi ni za wanaume. Yule anauliza nani atamuoa msichana mwenye pua iliyovunjika. Mama kijana akajibu kwamba kaka zake wakipigana mpira hadi kuvunjika mguu, hakuna anayechoma viatu vyao. Mwishoni wakanigeukia: wewe unayeandika kila juma, tuandikie na hili.

Sitaanza na mawazo yangu. Nitaanza na mwanamke aliyeifuata njia hiyo mpaka mbali, ili tuone alichokikuta huko. Anaitwa Estelle Mossely. Ni Mfaransa, mama yake anatoka Ukraine, na baba yake ni Mkongomani. Kwa hiyo hata sisi tuna sehemu ndogo katika habari yake.

Mlango uliokuwa umefungwa

Estelle alizaliwa tarehe 19 Agosti 1992 huko Créteil, karibu na Paris, akakulia Champigny-sur-Marne. Alianza ngumi angali msichana mdogo. Wakati ule, mtu angemwuliza "utafika wapi na mchezo huo?", asingekuwa na jibu zuri. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kupigana ngumi katika michezo ya Olimpiki. Wale wazee wetu wanaokumbuka pambano la Ali na Foreman, Kinshasa mwaka 1974, wanajua jinsi dunia nzima ilivyotazama. Lakini iliwatazama wanaume. Mlango ulifunguliwa kwa wanawake mwaka 2012 tu, Olimpiki ya London.

Estelle hakufika London. Miaka ile alifanya jambo ambalo ninapenda kila mama alisikie vizuri: aliendelea na masomo. Akiwa katika timu ya taifa, alisoma chuo kikuu akapata diploma ya enjeniya wa informatiki. Asubuhi mazoezi, mchana masomo, na tena mazoezi: ndiyo maisha ya mwanamichezo anayesoma. Tena hesabu za enjeniya hazimhurumii mtu kwa sababu amechoka. Lakini yeye alikuwa na mikono miwili ya kushikia: ngumi zikimkataa, kazi ingempokea.

Dhahabu siku ya kuzaliwa

Mwaka 2016 ndio uliomfanya ajulikane. Mwezi wa tano, katika ubingwa wa dunia huko Astana, Kazakhstan, alimshinda Katie Taylor wa Ireland, mwanamke aliyekuwa ameshinda dhahabu ya London na kuogopwa na wote wa uzito wake. Estelle akatoka huko bingwa wa dunia.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa Olimpiki ya Rio de Janeiro, Brazili. Wanawake walikuwa na nafasi tatu tu za uzito, wakati wanaume walikuwa na kumi. Estelle alipigana katika kilo 60. Fainali yake iliangukia tarehe 19 Agosti, siku aliyotimiza miaka 24. Alipambana na Mchina Yin Junhua, na lilikuwa pambano la kushika roho: mwamuzi mmoja alimpa Mchina, wawili wakampa Estelle. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza wa Ufaransa kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ngumi.

Mwenzake wa maisha wakati huo, Tony Yoka, naye mwenye asili ya Kongo, alishinda dhahabu ya wanaume wa uzito mkubwa kabisa siku mbili baadaye. Katika timu ileile, Sarah Ourahmoune alipata medali ya fedha ya kilo 51, naye alikuwa tayari mama wa mtoto. Nalitaja hili kwa sababu ya wale wanaosema kwamba mwanamke akizaa, nguvu zake zimekwisha.

Mkanda na mtoto mgongoni

Mwaka 2017, mwezi wa nane, Estelle alizaa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Wengi wetu tunajua mwili unavyokuwa baada ya kuzaa: usingizi hakuna, mgongo unauma, na nguo za zamani zinakataa. Mpiganaji ana tatizo jingine juu ya hayo, nalo ni kilo. Usipofika katika uzito wako, hupigani.

Mwaka 2018 akaingia ngumi za kulipwa. Tufahamu tofauti. Katika Olimpiki, wanawake wanavaa kofia ya kukinga kichwa, na pambano ni fupi. Katika ngumi za kulipwa hakuna kofia. Pambano la mkanda kwa wanawake kwa kawaida ni raundi 10 za dakika mbili mbili, wakati wanaume wanapigana raundi 12 za dakika tatu tatu. Tena malipo ya wanawake kwa kawaida ni madogo kuliko ya wanaume. Nadhani hilo halishangazi mama yeyote anayeuza sokoni.

Mwezi wa sita mwaka 2019, alimshinda Muajentina Anahí Ester Sánchez akachukua mkanda wa dunia wa IBO, uzito mwepesi. Mtoto wake alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mwaka 2020 akazaa wa pili, na mwaka 2021 alikuwa ulingoni tena, akiutetea mkanda wake. Mara mbili alibeba mimba, mara mbili akarudi, bila kupoteza pambano la kulipwa.

Siku isiyopangwa

Kama ningekuwa mwongo, ningemalizia hapa, na kila mmoja wenu angekwenda kumnunulia binti yake glavu. Lakini habari inaendelea.

Olimpiki ya mwaka 2024 ilikuwa nyumbani kwake, Paris. Estelle aliamua kurudi katika ngumi zisizo za kulipwa ili ajaribu dhahabu ya pili. Mwaka 2023, katika michezo ya Ulaya iliyofanyika Poland, alipata nafasi yake. Alikuwa na miaka 31, mama wa watoto wawili, na anapigana mbele ya watu wake. Katika pambano lake la kwanza tu, Tyla McDonald wa Australia alimshinda kwa pointi. Ikawa imekwisha.

Wamama, miaka ya maandalizi iliishia katika dakika tisa. Ngumi ni hivyo. Hata bingwa hana mkataba na siku ya kesho. Na kwa kila msichana anayefika Rio, wengi wanabaki njiani bila medali wala pesa. Estelle aliposhuka ulingoni siku ile, dhahabu ya Rio ilikuwa bado yake, diploma ilikuwa bado yake, na watoto wake wako. Anayeacha yote kwa ajili ya glavu, siku kama hiyo anabaki na nini?

Tumjibu nini mama yetu?

Sasa mawazo yangu, na mnaweza kuyakataa.

Mama, usikichome kitambaa. Ukikichoma, mtoto atatafuta kingine, na safari hii atakificha mahali usipopajua. Tatizo kubwa ninaloliona si ngumi. Ni ile miezi mitatu ya uongo kuhusu shangazi. Msichana anayejificha hana mtu wa kumwambia akiumia. Hana wa kumwambia pia kama mwalimu wa mazoezi ana tabia mbaya. Hilo la pili linaniogopesha kuliko pua iliyovunjika.

Kwa hiyo mrudishie, lakini kwa masharti. Kwanza, wewe mwenyewe nenda uone mahali anapojifunzia: ni nani anayewafundisha, wasichana wako wangapi, wanabadilisha nguo wapi, wanarudi saa ngapi. Pili, bila kofia ya kichwa na kinga ya meno asipigane na mtu. Afanye mazoezi ya kamba na ya mfuko, hayo yanatosha kwa sasa. Tatu, akipigwa kichwani, kisha akaumwa kichwa, akatapika ama akasinzia kupita kawaida, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na asirudi ulingoni mpaka muganga amruhusu. Nne, masomo. Bulteni ikishuka, glavu zinapumzika.

Na mchapo tuuache. Tukimpiga mtoto ili asijifunze kupiga, tunamfundisha nini?

Nilimweleza mama yetu haya Jumapili baada ya ibada, kabla ya kuyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sijakubali. Lakini kesho nitaenda kuona." Aliporudi nikamwuliza amekuta nini. Akaniambia amemkuta binti yake anaruka kamba, amelowa jasho, na alipomwona mama yake mlangoni alisimama kama mwizi aliyekamatwa. Mama akaketi juu ya benchi na kumwambia: "Endelea, nimekuja kutazama." Wakarudi nyumbani pamoja, kwa miguu. Anasema ni mara ya kwanza mwaka huu binti yake kumweleza mambo yake njia nzima.

Kitambaa amekifua. Neno la mwisho bado hajatoa. Anangoja bulteni.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni mchezo ama kazi gani tunayowakataza mabinti na kuwaruhusu watoto wa kiume? Kwa sababu gani?

2. Mtoto wako akitoka masomo, unajua kweli anapita wapi? Ulimwuliza, ama ulimdhania?

3. Wewe mwenyewe, kuna jambo ulilopenda ukiwa na miaka 15 ambalo ulilificha? Nani angeweza kukusaidia?

Leteni majibu yenu siku ya likirimba. Tuonane juma lijalo.