Choo cha Chini kwa Ajili ya Wazee

Witeithie ni neno la lugha ya Kikuyu, na maana yake ni "jisaidie", yaani mtu asingoje wengine wamfanyie kazi anayoiweza mwenyewe. Katika Kiswahili kujisaidia kuna maana nyingine tena, ya adabu, nayo ni kwenda msalani. Maana hizo mbili zakutana katika jambo moja liwapasalo wenye nyumba wa mji huo ulio karibu na Juja, katika Kaunti ya Kiambu: mtu mzee ajisaidieje katika nyumba ya ghorofa ambayo choo chake kiko juu tu?

Nyumba za namna hiyo hujengwa na watu wangali na nguvu. Chini huwekwa sebule na jiko. Juu huwekwa vyumba vya kulala na choo. Miaka hupita bila mtu kuona kosa. Kisha mama mzee aletwa kutoka shamba kukaa na wanawe, naye magoti yamekwisha kuchoka. Alazwa chini ili asipande ngazi, lakini usiku hana budi kuzipanda. Adabu yamzuia kuamsha watu, wala hataki kulalamika mbele ya wajukuu. Basi aanza kujinyima maji ya kunywa tangu jioni. Watu wa nyumbani hudhani ya kuwa hana kiu, kumbe aogopa ngazi. Kujinyima maji kwadhuru mwili wa mzee, na kuanguka ngazini gizani kwaweza kumvunja nyonga, asisimame tena.

Wako wasemao ya kuwa choo karibu na sebule ni aibu, kwa sababu ya harufu. Lakini watu wa pwani walijenga vyoo ndani ya nyumba tangu zamani, kama ionekanavyo katika nyumba za mawe za Lamu na katika magofu ya Gedi. Tena dawa ya harufu yajulikana. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa huko London, alipata hati ya serikali kwa choo chenye bomba lililopindwa. Maji hubaki katika pindo lile na kuizuia hewa mbaya isirudi ndani. Vyoo vya maji vya leo vyafuata kanuni hiyohiyo.

Mahali pa kukiweka si pa kutafuta mbali. Mara nyingi nafasi iliyo chini ya ngazi, ambamo huwekwa mafagio na viatu vikuukuu, yatosha ikiwa mtu aweza kusimama humo bila kuinama. Mlango na ufunguke kwa nje, maana mzee akianguka ndani mwili wake huuzuia mlango ufungukao kwa ndani, na wa kumwokoa hawawezi kuingia. Choo kiwe cha kukalia, si cha kuchuchumaa. Kando yake pawe na chuma imara cha kushikia, na taa isikose.

Lakini kazi kubwa ni ile isiyoonekana. Bomba la uchafu, ambalo kwa kawaida ni la inchi 4, lateremka polepole: kwa kila mita 1 lishuke kama sentimita 2 na nusu. Likilala sawa, uchafu husimama. Choo cha chini kikiungwa ovyo katika bomba litokalo juu, hatari ni mbili. Kwanza, maji ya juu yakishuka kwa nguvu huweza kuyavuta maji yaliyo katika pindo la choo cha chini, na harufu ikapata njia. Kwa hiyo pawe na bomba la hewa lipandalo hadi juu ya paa. Pili, njia kuu ikiziba, uchafu wa ghorofani hutokea katika choo cha chini, maana ndicho kilicho karibu zaidi na ardhi. Ni afadhali choo hicho kipewe bomba lake lenyewe mpaka kwenye shimo la kukagulia lililo nje.

Kisha ni ule udongo. Sehemu nyingi za uwanda wa Juja zina udongo mweusi unatao, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Bomba lililofukiwa ndani yake bila kutandikiwa mchanga au kokoto huweza kuvunjika maungio. Tena udongo huo haunywi maji upesi, na shimo la kunyonya maji lililotosha wakati wa jua laweza kufurika mvua za Machi hadi Mei zinapofika.

Hapo ndipo jirani aingiapo katika habari hii. Yashauriwa mara nyingi ya kuwa shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho watu wengi wa Kiambu wamekinunua, urefu wake wote ni kama mita 30 tu. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kutazama kisima chake peke yake. Lazima atazame pia kisima kilicho nyuma ya ua wa jirani. Mahali palipo na bomba kuu la maji machafu ni heri kuunga humo. Pasipo na bomba hilo, tangi lijengwe lisivuje, na likijaa liitwe lori la kunyonya. Asishushwe kibarua ndani kwa kamba, kwa maana hewa ya humo huua, na huwaua pia wanaoshuka kumwokoa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yafaayo na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Haki hiyo haikomi kwenye ngazi ya kwanza. Mwenye nyumba apeleke ramani ya kazi yake kwa wakuu wa kaunti, amtafute fundi ajuaye mabomba, wala bomba lisifukiwe kabla ya kujaribiwa kwa maji.

Gharama ipo, lakini wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mama aliyewabeba watoto mgongoni asiwekewe mlima wa kupanda kila usiku katika nyumba ya mwanawe. Siku atakapoomba maji ya kunywa jioni bila hofu, wa nyumbani watajua ya kuwa kazi imekwisha vema.