Kiti cha kanisa kwenye meza ya bajeti

Katika kila kaunti ya Kenya kuna kiti ambacho sheria imewawekea watu wa dini. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kinaagiza kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake ni wanachama, na idadi sawa na ya mawaziri hao inatoka nje ya serikali: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Humo ndimo mipango ya kaunti na bajeti yake inapaswa kujadiliwa. Nimewauliza Wakristo wenzangu, Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti na Wapentekosti, ni nani anayetuwakilisha pale. Sijampata hata mmoja anayemjua. Lakini uliza ni nani aliyeleta mabati ya kanisa, utatajiwa jina papo hapo, na idadi ya mabati juu yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya haki na amani ya parokia yetu, huku Pwani upande wa bara, kulikokauka. Naamini kwa dhati kwamba imani inamdai Mkristo ashughulike na siasa. Maji, dawa, shule na barabara ni mambo ya siasa, na anayesema anampenda jirani yake hawezi kuyakwepa. Kinachoniuma ni mlango tulioingilia. Tumeingilia kwenye harambee, na ule wa bajeti tumeuacha wazi bila kuupita.

Harambee yenyewe kila mtu anaijua. Tangazo hutolewa wiki kadhaa kabla. Siku ikifika, hema la wageni linasimamishwa upande wa kivuli, kwaya imeshona sare, na ibada inachelewa kuanza kwa kuwa msafara wa mheshimiwa bado uko njiani. Akiingia, waliowahi viti vya mbele wananyanyuliwa. Baada ya komunyo tunaambiwa mgeni wetu ana neno fupi, aje awasalimie waumini. Salamu zinageuka kampeni, mpinzani ambaye hayupo anasemwa mbele ya altare, kisha bahasha inafunguliwa na kiasi kinasomwa kwenye kipaza sauti. Vigelegele. Bibi aliyemleta jogoo wake wa pekee kwa ajili ya mnada naye anapigiwa makofi, ila kidogo. Hakuna anayeuliza fedha zile zimetoka wapi, ingawa hesabu ya mshahara wa mgeni na hesabu ya harambee zake za mwezi mmoja haziwezi kulingana, na sote tunajua.

Jumatatu inayofuata, nani katika parokia hiyo atamwandikia mgeni barua kuuliza kwa nini zahanati haina muuguzi?

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, jemadari Naamani wa Shamu anaponywa ukoma, anarudi kwa nabii Elisha na fedha, dhahabu na mavazi, na Elisha anakataa kupokea chochote. Anayelikimbilia gari la mkubwa huyo ni Gehazi, mtumishi wa nabii, na anaomba kwa kulitumia jina la bwana wake. Katika kisa hiki Naamani hana ubaya wowote. Shukrani yake ni ya kweli, na mali ni yake. Nadhani Elisha aliona kwamba akipokea, uponyaji wa Mungu utakuwa biashara, na yeye mwenyewe atakuwa mtu wa Naamani. Tangu hapo mwenye ukoma ni Gehazi.

Wapo viongozi waliolielewa hilo. Septemba 2021, kule Butere, wakati wa kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kanisa Anglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari ya kanisa lake kuhutubia. Alisema hayo wanasiasa wakubwa wakiwa wameketi palepale. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu wa Kikatoliki kutoa taarifa kali kuhusu uongo wa viongozi, kodi na hali ya huduma za afya, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi, akachangia zaidi ya shilingi milioni mbili na kuahidi nyingine milioni tatu na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe na ahadi zile zisipokelewe. Nilisoma taarifa yake kwa sauti katika jumuiya yetu. Mzee mmoja alivua kofia.

Lakini kurudisha bahasha ni mwanzo tu. Lazima kuwe na kazi tunayoifanya baada ya mikono kuwa mitupu, na hapo ndipo tunapowasahau waliotutangulia.

Tunapomtaja Askofu Alexander Muge wa Kanisa Anglikana tunakumbuka kifo chake: waziri alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai, naye akaenda, na akirudi siku ile ya tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani. Tunapomtaja Askofu David Gitari wa kanisa hilohilo tunakumbuka usiku wa Aprili 1989, majambazi walipovamia nyumba yake Kirinyaga naye akapanda juu ya paa kujiokoa. Ujasiri huo haukuwa wa maneno makubwa ya jumla. Mwaka 1986 wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walipinga kura ya mlolongo, yaani wapiga kura kupanga foleni nyuma ya wagombea hadharani badala ya kutumbukiza karatasi sandukuni. Hilo lilikuwa suala la utaratibu wa serikali, tena la kiufundi: nani anasimama wapi, nani anahesabu. Wachungaji walilisoma, wakaona litakalomfika mkulima anayemdai mwajiri wake na mwalimu anayemwogopa chifu, wakasema hapana. Uchaguzi wa 1988 uliwathibitishia, pale foleni fupi zilipotangazwa kuwa ndefu. Gitari alihubiri habari za Danieli na amri za mfalme zisizobatilika, na kila aliyekuwa kanisani alijua anazungumzia sheria gani. Alikuwa amezisoma.

Kisha likaja la uchaguzi wa 2007. Makanisa yaligawanyika kwa kabila, mengine yakaombea wagombea wao waziwazi, na Kenya ilipowaka hakukuwa na mchungaji aliyeweza kusimama katikati akasikilizwa na pande zote. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata Baraza la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walipendelea upande, likaomba msamaha. Kukiri huko kulikuwa kwa heshima. Lakini naona hatukuuliza vya kutosha tulifikaje pale, na jibu langu ni kwamba tulikuwa tumeshaacha kusoma sheria tukaanza kusoma majina ya wagombea.

Hata katiba iliyozaa sheria ya kiti nilichokitaja mwanzoni, viongozi wengi wa kanisa waliipinga katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, kwa sababu ya vifungu vya uavyaji mimba na mahakama za kadhi. Walikuwa na hoja zao na walikuwa na haki ya kuzitoa. Wananchi waliipitisha. Ndani yake mna kifungu cha 43, kinachotambua haki ya kila mtu ya afya, maji safi na chakula, na kifungu cha 201, kinachotaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Sijui Mkristo angeomba zana gani zaidi ya hizo. Tulimaliza nguvu zote kwenye vifungu viwili, na vilivyobaki tukaviacha mikononi mwa wengine.

Nieleze tulivyoanza sisi. Kila Kwaresima jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki nchini husoma kijitabu cha kampeni kinachotolewa na maaskofu. Tunakutana jioni nyumbani kwa mwenzetu, tunasoma kisa, tunakipima kwa Maandiko, kisha tunaulizana tufanye nini. Hapo kwenye kufanya ndipo wengi huangalia sakafu. Jioni moja tulipokuwa tukizungumzia afya, nilikuja na kurasa chache za makadirio ya bajeti ya kaunti yetu, zile za wadi yetu tu, nimezipiga chapa kwa fedha ya kamati. Ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo nikawa nasoma na kufasiri mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye ukarabati wa zahanati, mama mmoja anayeuza mahamri kituo cha matatu akanikatiza: "Mwalimu, hebu rudia hapo. Hela hizo si ndizo ulizotusomea mwaka jana?" Nilikuwa nimezitaja kwa kupita tu. Yeye alizikumbuka kwa sababu zahanati hiyo ndimo alimozaliwa mjukuu wake kwa mwanga wa simu.

Tukalinganisha. Mradi uleule, kiasi kilekile, miaka miwili mfululizo, na jengo liko vilevile, mpaka ule ufa juu ya mlango.

Tulikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma. Anayejua vikao hivyo anajua: kitabu kinene kinagawiwa asubuhi ileile, afisa anaonyesha jedwali ukutani kwa maandishi madogo, watu wanatia sahihi, wanapewa soda na mkate, na mkutano unafungwa kwa maombi. Mara hii mama wa mahamri aliinuka na karatasi zake mbili, akauliza swali moja kwa Kiswahili. Afisa alisema litashughulikiwa. Tukamwandikia, tukaandika tena, na nakala tukampelekea mwakilishi wadi. Leo zahanati ina paa jipya na choo. Muuguzi wa pili bado, na barua ya muuguzi iko mezani kwangu ninapoandika haya.

Waliokwenda nasi siku ile hawakuwa Wakristo peke yao. Imamu wa msikiti wa jirani alikuja na wazee wake watatu, kwa kuwa wajukuu wao nao wanazaliwa palepale. Hili linanipa jibu kwa wanaotaka siasa ya Kikristo iwe ni kupata rais mwenye kusali sana au kujenga madhabahu karibu na ofisi za serikali. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, na Mkristo hapotezi kitu kwa hilo. Imani yangu ndiyo iliyonitoa nyumbani kwenda ukumbini. Nikishafika, hoja yangu lazima iwe ya kueleweka na imamu, na asiye na dini, na afisa mwenye jedwali. Sikwenda kudai choo cha Wakatoliki.

Najua mapadre na wachungaji wanaoogopa. Wanasema ukianza kugusa bajeti utaitwa mpinzani, na kanisa litanyimwa hati ya kiwanja. Sidharau hofu hiyo. Lakini namwona Nehemia, gavana wa Yuda, ambaye kwa miaka 12 hakula posho ya chakula cha gavana kwa sababu watu walikuwa wamelemewa, na aliyewaita wakuu mbele ya mkutano akawataka warudishe mashamba na riba waliyowatoza maskini. Alikuwa na hesabu zote kichwani: mashamba, mizeituni, nafaka, divai. Maombi yake yalikwenda pamoja na hesabu hizo.

Vijana wetu wametupita katika jambo hili. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe kodi ya asilimia 16, wao ndio walioufasiri kwa lugha za nyumbani na kuueleza kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Wengi wao walibatizwa kwetu. Wakageuka na kutuuliza kwa nini waliokuja na kodi hizo ndio waliokaa viti vya mbele kanisani. Walipoandamana kuupinga mswada huo, wengine walilia, na wengine waliuawa. Swali lao halijapata jibu parokiani kwa kuwa jibu lake si homilia.

Kalenda inatusaidia tukitaka. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa kaunti ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera za fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sehemu kubwa ya Kwaresima huangukia kati ya tarehe hizo mbili za mwisho karibu kila mwaka. Vijitabu viko, jumuiya ziko, walimu wastaafu wa kusoma Kiingereza cha serikali wako wengi.

Ninachowaomba maaskofu na wachungaji wa kaunti zote 47 ni kidogo. Waulize ofisi ya gavana ni nani anayekalia kiti cha makundi ya kidini kwenye jukwaa la bajeti, aliteuliwa lini na nani alimpendekeza. Wakae na mashehe wakubaliane juu ya mtu anayejua kusoma hesabu na asiyetafuta cheo. Kisha jina lake lisomwe kwenye matangazo ya Jumapili, na kurasa za wadi zibandikwe ubaoni kando ya matangazo ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme mapema.