Nguzo ya Malindi na wenye amri Nairobi

Nguzo nyeupe iliyosimama juu ya mwamba wa Malindi imekuwa kwa karne nyingi alama ya manahodha watafutao bandari. Hata hivyo, neno la mwisho juu yake halitoki Malindi. Latoka Nairobi, kwenye kilima cha Makumbusho, pale mtu anapoacha katikati ya jiji kuelekea Westlands.

Sheria ya 2006 yampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa ukumbusho wa taifa. Katiba ya 2010 ikaziachia kaunti majumba ya makumbusho, lakini uongozaji wa vyombo baharini pamoja na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa vikabaki serikali kuu. Basi nguzo hii, ukiiita alama ya bahari au ukiiita ukumbusho, kwa njia zote mbili imewatoka wenyeji.

Wenyeji hao wana haki ya kusema. Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498 alikuta mji wenye sultani, misikiti na biashara ya mbali. Mnamo 1415 Malindi ilikuwa imekwisha kumpelekea mfalme wa Uchina twiga. Msalaba wa jiwe la Ureno ulio juu ya nguzo haukuwapendeza Waislamu, na yasimuliwa kwamba uliondolewa karibu na nyumba ya sultani kabla ya kupelekwa huko mwambani. Na aliyemvusha Mreno hadi Calicut alikuwa rubani aliyepewa na sultani. Wengi wetu tumefunzwa kuwa ni Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi wa leo wanakataa, na wengine wasema alikuwa mtu wa Gujarat. Awe nani, elimu ya nyota na pepo ilikuwepo kabla ya nguzo. Mbona basi yatajwa kwa jina la mgeni peke yake?

Wakati jina linajadiliwa, bahari haingoji. Mwamba ule ni wa matumbawe, na mawimbi ya kusi huula kwa chini. Mvuvi wa Malindi huona ufa siku unapotokea. Ofisa wa Nairobi huusoma katika barua. Lingekuwa jambo la busara Makumbusho ya Taifa, kaunti ya Kilifi na wazee wa mji wakae pamoja huko huko Malindi, wakubaliane nani ataukagua mwamba kila kusi inapokwisha, na nani atakuwa na ruhusa ya kuita mafundi bila kungoja jibu la bara.